Maisha ya Mama Nzi, Mpiga Picha wa Vidudu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alipokwenda kula, yeye alikalia kiti chake, akabana jichoni kile kioo cha kukuzia, na badala ya kutazama saa akatazama sisimizi waliofia mezani. Baba alimkuta hivyo mara nyingi na hakumgombeza.

Shule ya msingi alisoma jirani na nyumbani, na sekondari akasoma bweni. Huko mwalimu wa hesabu aliazima mkebe wa jometri wa marehemu mbele ya darasa, akaufungua, wakatoka mbawakawa, mmoja akiwa hai. Marehemu alifagia uwanja wa shule wiki nzima. Alisema adhabu haikumuuma. Kilichomuuma ni yule aliyetorokea dirishani. Mwaka 1972 alihitimu chuo cha wataalamu wa maabara, akaajiriwa hospitalini kutafuta vijidudu vya magonjwa kwenye damu za watu.

Kazini huko ndiko alikompata mume. Maabara iliagiza meza ya kuwekea hadubini, na seremala kijana akaileta. Marehemu aliitikisa kwa kidole kimoja, akasema, "Hii meza inacheza."

"Meza haichezi, sista. Sakafu ndiyo inayocheza."

Aliirudisha mara mbili. Mara ya tatu seremala alileta meza isiyotikisika pamoja na posa, na vyote viwili vikapokelewa. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978, wakajaliwa binti mmoja. Mpaka mwisho alimwita mumewe "Fundi," naye akamwita "Mtaalamu," hasa wakikosana.

Alipostaafu mwaka 2006, wenzake walimwuliza anataka zawadi gani. Akaomba hadubini kuukuu iliyokuwa ikila vumbi kabatini. Aliifunga kamera juu yake na kuanza kazi iliyomfurahisha kuliko zote: kupiga picha za viungo vya wadudu na kuzikuza mpaka zienee ukutani. Hadubini huona vizuri safu nyembamba tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo alimpiga mdudu picha nyingi, kutoka juu kwenda chini, kisha akaziunganisha kwenye kompyuta zikawa moja. Kabla ya hapo alimpangusa mdudu vumbi kwa unywele mmoja wa kope uliobandikwa kwa gundi kwenye kijiti. Mumewe alitengeneza fremu.

Picha ya kwanza, wayo wa nzi wenye ukubwa wa mlango, ilitundikwa kwenye ukumbi wa wodi ya watoto. Hakuandika chini ni kitu gani, maana alipenda kusikia watu wakikisia. Watoto walisema ni brashi, wengine wakasema ni kiatu cha mfalme. Ukweli ulipojulikana wakambatiza Mama Nzi, na jina hilo alilipenda sana.

Mwaka 2017 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema ugonjwa huo hautapona, ila utakwenda polepole. Wakati huo wodi ya wazazi ilikuwa imeagiza picha, naye alikuwa amechagua kipapasio cha kichwani cha mbu dume, kile kinachofanana na unyoya. Alijaribu, akakivunja. Akafungia vijiti vyake sandukuni na kulia. "Mimi nimeishia hapa, Fundi."

"Hujaishia. Macho yako, mikono yangu. Wewe niambie wapi."

Mikono yenyewe ilikuwa ya nyundo na msumeno. Mbu wa kwanza Fundi alimsaga. Kwa wa pili Fundi alipiga chafya, mbu akapotea asionekane tena. "Taratibu, si mbao huyo," marehemu alimwambia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi. Picha ilikamilika mwaka uliofuata. Muuguzi mkuu aliisifu kuwa ni unyoya mzuri, akaambiwa ni mbu, akasema, "Sisi tunawafukuza, nyie mnatuletea mwenye fremu." Iko pale hadi leo. Baada ya hiyo walitengeneza nyingine nyingi, yeye akielekeza, mume akitenda.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa kwa nimonia. Jumapili ya mwisho hakuuliza habari za dawa. Alimwuliza mumewe habari za mdudu waliyemwacha mezani akingoja kupigwa picha: "Yule nyigu amekauka?"

"Amekauka. Anakungoja."

"Msafishe wewe. Mimi sitarudi kwenye ile meza."

"Nani ataniambia wapi?"

"Miaka mingi sasa unajua wapi, Fundi. Nilikuwa nasema tu ili nikae na wewe."

Mumewe alimshika mkono mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, asubuhi.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu watatu, dada wawili, na kuta nyingi zenye picha zake. Ameacha pia nyigu mmoja kwenye ncha ya pini, chini ya glasi iliyopinduliwa pale mezani. Fundi anawaomba mtakaofika nyumbani msiiguse meza ile, kwa sababu Jumatatu anaanza kumsafisha nyigu huyo.

Apumzike Mama Nzi. Mikono yake imetulia.