Herufi Mbili za Bango Letu

Risala ya Umoja wa Majirani wa Burnsville, Siku ya Dkt. King, Januari 2008

Mgeni Rasmi, Mlezi wetu Dkt. Eliakim,

MAKARIBISHO
Pole kwa barabara ya kutoka Maple Grove. Tumefurahi kukuona umekuja na beleshi lako la theluji, lile lile la miaka yote, ambalo bado lina kibandiko cha dukani. Kitunze kidumu, walisema wahenga.

HISTORIA
Tulipoanza tulikubaliana kwamba Dkt. King hakumbukwi kwa kulala siku yake ya mapumziko, bali kwa kuwatumikia majirani. Mwenyekiti wetu, Bwana Gwakisa, akaagiza bango. Likaja limeandikwa SIKU YA KUJITOA. Alisema tofauti ni ndogo. Tukapiga picha, na kabla theluji haijaguswa kila mtu alikuwa ameshajitoa, kama bango lilivyoagiza.

Alibaki dada Dativa. Waliotaka bango lirudishwe aliwacheka: "Liacheni. Ninyi jitoeni, mimi nitajitolea."

MAFANIKIO
Picha zetu zinapendeza. Fulana tunazo hadi za kufutia magari. Na ngazi za mlango wa Mama Rahab, jirani yetu wa nyumba ya hapo nyuma, zilikuwa safi kila majira ya baridi. Kazi hiyo ilikuwa ya Dativa, ingawa kwenye risala zilizopita ilisomwa kama yetu. Kabla ya kwenda kazini alijifunga kanga juu ya koti, akakwangua barafu, akamwaga chumvi ya kuiyeyusha kama anayelisha kuku. Mama Rahab alimwonyesha kwa fimbo, dirishani, barafu iliyosalia. Dativa alimpigia saluti kwa beleshi.

CHANGAMOTO
Dativa tulimzika Novemba. Mama Rahab anasafishwa damu hospitali, na dereva anayemchukua hapandi ngazi zenye barafu. Ijumaa alifika, akatazama, akaondoka. Leo atarudi saa sita mchana. Ratiba yetu inasema picha kwanza, kisha chai, kisha kuagana.

MAOMBI
Mgeni Rasmi, mwaka huu hatuombi fulana. Tunaomba picha zipigwe mwisho, ukiwa umechafuka. Bango hatujalirekebisha, kama unavyoliona. Herufi mbili zilizopungua tumekuachia wewe, uziandike kwa beleshi.

Mungu akutie nguvu za mgongo, ampe Mama Rahab siku nyingi, na amlaze dada yetu pahali pasipo na theluji.

Ni sisi,
Umoja wa Majirani wa Burnsville.
Imesomwa na Tumpe, mdogo wake Dativa.