Bilauri ya Jaji Biran

Benchi letu hapa Banjul ni la watu wanne, lakini tunakaa watatu. Nafasi ya nne, karibu na jiko la mkaa, ni ya Biran Jobe, jaji wa rufani. Aliondoka hapa miaka ishirini na sita iliyopita, na mpaka leo Wandifa, mpika chai wetu, humwekea bilauri. Mimi ni wa ukoo wa Njie, yeye wa Jobe, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu aende sina wa kumwita mlafi, na nimemkumbuka mpaka inauma.

Jana tulihesabu: miezi minane tangu astaafu, hajatokea.

— Ameshanogewa na mtaa wa wakubwa kule Fajara, alisema Sainey, tunayemwita Redio. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa? akauliza Wandifa.

— Kwani hakai ufukweni?

Wandifa akasema labda ni magoti. Redio akakataa; jaji akistaafu hulishwa kiapo cha pili, asinywe chai na raia hadi kufa. Tulipomcheka akazidisha: yule tunayemwona kwenye runinga si Biran, ni mtu wa kukodi, Biran mwenyewe yuko Uingereza anaamua kesi za farasi wa mfalme.

— Hakuna Jobe anayekosa harufu ya wali, nikasema. Basi hana pua tena.

Hawakucheka. Utani bila mtani hauna ladha.

Haddy, aliyehamia nyumba ya pili wiki iliyopita, alikuwa ametuletea nanaa. Akauliza kwani huyo jaji alikosana na nani.

— Hakukosana na mtu, mama, nikamjibu. Sisi ndio tulimwondoa. Asubuhi ya kiapo chake tulimwambia asikae tena hapa, watu wasije wakasema hukumu zake zinachemshwa kwenye birika la Wandifa.

— Akasemaje?

— Alituaga kwa mkono wa kushoto, mmoja mmoja.

Haddy akaelewa. Kwetu mkono wa kushoto hutolewa na anayesafiri mbali, ili arudi kuusahihisha kwa wa kulia.

— Na nani ameenda kumwambia kwamba sasa anaruhusiwa? akauliza.

Redio akainamia mkaa. Wandifa akainua birika la mkupuo wa tatu, ule wa mwisho na mtamu kuliko yote, akaanza na bilauri ya Biran, na chai ikaishia hapo; zetu zikabaki tupu.