Angetile, Ezra na Daftari la Redio Wagonjwa

“Mashine haijawahi kuungua kidole, itajuaje redio?”

“Itajua, fundi, ukinipa daftari lako.”

“Daftari langu halitoki dukani, injinia!”

Ndivyo marehemu Angetile Mwakalukwa na Ezra, fundi redio wa Kyela mjini, walivyogombana mwaka 1995, na ndivyo walivyopendana.

Marehemu alizaliwa Ipyana tarehe 14 Aprili 1958. Bibi yake Tusekile, aliyemlea, anashuhudia kuwa mvua ya siku hiyo ilileta kambare hadi jikoni, wakajipanga wenyewe kando ya sufuria. Asiyeamini akawaulize kambare.

Alisoma shule ya msingi Ipyana, sekondari Mbeya, kisha uhandisi wa umeme Dar es Salaam, akahitimu 1984 na kubaki huko kufundisha. Mwaka 1985 alifunga ndoa na Damaris wa Makwale. Alikuwa ameitengeneza redio ya baba mkwe, baada ya kuiharibu kwanza ili apate sababu ya kurudi.

Nchi ilipofungulia biashara huria na redio za kila namna zikajaa sokoni, alinunua kompyuta kuukuu, akaifundisha kuchora saketi za amplifaya: ijaribu maelfu ya michoro, itupe mibovu, ijifunze kwa mizuri. Alitaka bibi yake, akaaye benchi la mwisho kanisani, asikie mahubiri. (Bibi alikaa nyuma kwa sababu zake.)

Amplifaya ya kwanza iliimba vizuri Dar es Salaam. Kanisani Ipyana, mashine ya kukoboa mpunga ya jirani ilipowashwa, umeme uliyumba, na amplifaya ikafuka moshi mbele ya kwaya nzima. Ezra alicheka hadi akakaa chini. Alipoona machozi ya mwenzake, akalileta daftari mwenyewe: miaka kumi na tisa ya redio wagonjwa, kila moja na kilichoiua, iwe unyevu, mende au umeme wa mashine ya mpunga. Kompyuta ikafundishwa yote. Amplifaya ya pili ndiyo inayowafikishia maneno haya hapa msibani.

Figo zilimsumbua tangu 1997. Tunawashukuru wauguzi, na ninyi mlioleta ndizi na maziwa bila kuitwa. Ameacha bibi, mjane Damaris, na watoto wawili, Tumaini na Kisa.

Alituacha nyumbani Ipyana, Jumapili 9 Mei 1999, Ezra akiwa kando ya kitanda.

“Kubali, fundi. Mashine ndiyo iliyochora.”

“Kwa daftari la nani?”

“Lako. Basi ndaga, asante, mwalimu wa mashine.”

Ezra alifungua mdomo ajibu. Damaris akaingia na uji, na ubishi wa wawili hao ukaishia hapo. Mmoja bado anatafuta la kujibu. Mwingine, Mungu ampumzishe mahali pasipo mikwaruzo.