Coy Ledbetter na Saa Niliyoishika Mimi

Mchungaji, dada yangu Darla, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu leo tarehe 22 Februari 2023, naitwa Gaylon Mabry, mdogo wake Darla, na familia imeniomba nisome historia ya shemeji yangu, ingawa wangejua ninalotaka kusema huenda wangemchagua mwingine.

Marehemu Coy Ledbetter alizaliwa tarehe 3 Agosti 1957 mjini Anadarko, Oklahoma, akasoma hapo hapo hadi alipomaliza sekondari mwaka 1975, kisha akafanya kazi kwenye visima vya mafuta mpaka bei ilipoporomoka mwaka 1986, na mwaka uliofuata akafungua duka la vyakula vya mifugo hapa Chickasha, ambako wengi wenu mmenunua magunia na kupata umbea wa bure. Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na dada yangu katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Trent mwaka 1984 na Janelle mwaka 1988.

Novemba 2011 mwizi aliingia dukani akampiga kwa kitako cha bastola na kumvunja taya, na alipopona alinunua bastola yake, akaja malishoni kwangu na karatasi za shabaha, akaniambia, "Gaylon, sitaki ushujaa mimi, nataka jioni nirudi kwa dada yako." Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi kwa miaka kumi na moja, yeye alisimama hatua saba kutoka kwenye karatasi, mimi kushoto kwake nimeshika ile saa ndogo inayolia kumwashiria achomoe bastola, kisha inasikia risasi na kuonyesha muda aliotumia.

Siku ya kwanza alitumia sekunde tatu na ushei kupiga risasi mbili, na moja iliishia kwenye nguzo ya uzio wangu. Coy alitaka kwenda taratibu, usahihi kwanza, akafanya mazoezi jikoni kwa bastola tupu, risasi kazifungia chumba kingine, akirudia kushika, kuchomoa na kuvuta kifyatulio bila kutikisika, mpaka Darla akawa anamwambia, "Ukimaliza kuliua friji langu, njoo ule," na matundu ya karatasi yakakaribiana hata ungeyafunika kwa kiganja. Mimi mwenye saa ndiye niliyependa kasi, nikamtania kwamba hata marehemu bibi angemshinda, nikaanzisha mchezo kwamba asipopunguza muda wa wiki iliyopita ananinunulia kambare wa kukaanga, akiupunguza nanunua mimi, na hivyo akazoea kupiga mbili, kushusha bastola, na kugeuza shingo kushoto kuniuliza, "Ngapi, shemeji?"

Mwaka 2019 mkufunzi wa shabaha Bi. Twyla Stovall, ambaye yupo hapa, alikuja kututazama akasema, "Asishushe mpaka ahakikishe hatari imekwisha, maana mkono utafanya ulichouzoesha," nami nikamjibu kwa kicheko kwamba karatasi haijawahi kumrudishia mtu risasi, tukaendelea vile vile.

Alhamisi tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, mtu mwenye bastola aliingia dukani, na kamera inaonyesha Coy akipiga mbili, zote kifuani, lakini yule mtu akabaki amesimama, na Coy akashusha bastola, akageuza shingo kushoto, ambako palikuwa na magunia ya chumvi ya ng'ombe tu, na hapo ndipo alipopigwa. Polisi walipotuonyesha picha hizo, Darla aliuliza, "Alikuwa anamtazama nani?" na wote wakanyamaza kwa kutojua, mimi nikanyamaza kwa kujua.

Dada, alikuwa ananitazama mimi. Sikuombi unisamehe leo, nimetaka tu usikie kwangu.

Alilazwa siku tisa, akafariki Jumamosi tarehe 18 Februari saa tatu asubuhi, saa yetu ya malishoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani walioleta maharage na mikate ya mahindi hadi tukakosa pa kuweka, na wafanyakazi wake waliofungua duka siku moja tu baada ya shambulio ili ng'ombe wa watu wasilale njaa. Bi. Twyla, nakushukuru, na nimekosa.

Coy, niliwaomba polisi wakupimie muda kwenye ile kamera. Sekunde moja na robo, shemeji, hukuwahi kuifikia malishoni, kambare nanunua mimi. Sasa pumzika kwa amani.