Mama Majani na Ini la Fundi

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtafiti mmoja wa chuo, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Majani. Tumemzika wiki hii. Jina hilo hakulichukia. Alikuwa akiwaambia, "Niiteni mnavyotaka, mradi msilale darasani."

Mama Majani alitafiti ini. Narudia, ini. Alitaka kujua kama majani ya mboga yanaweza kulikinga ini na madhara ya moshi wa sigara. Ndani ya majani kuna viambato vinavyosaidia seli zisiharibike, na wataalamu wanaviita antioksidanti. Basi aliwaweka panya kwenye sanduku la kioo, akawapulizia moshi. Wengine aliwanywesha maji ya majani, wengine maji matupu. Kisha aliwapasua, akatoa ini, akalitazama kwa hadubini. Kilichobaki kilikwenda kwenye ndoo ya taka.

Maini ya waliokunywa majani yalikuwa na nafuu. Siku hiyo alirudi nyumbani furaha imemjaa. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa mlangoni na sigara yake. Kwa miaka mingi waligombana juu ya sigara hiyo, na hata wateja walilalamika suti zao zinanuka moshi. Binti yao anasimulia:

"Mama alipomweleza alichokiona, baba alicheka. Akasema, 'Sasa tatizo liko wapi, mke wangu? Nipe hayo majani, na mimi uniache nivute kwa amani.' Mama naye akacheka, akaingia jikoni."

Tangu hapo, kila asubuhi fundi alikunywa glasi yake ya kijani, akakunja uso, akafuta midomo, akawasha sigara. Nyumba ikatulia. Ugomvi ukaisha.

Kisha fundi akaanza kukohoa damu. Binti alikuwepo hospitali. "Daktari alisema ini la baba ni zima kabisa. Mama akashusha pumzi. Halafu daktari akasema, 'Shida ni mapafu, na tumechelewa.'" Fundi hakuumaliza mwaka.

Inauma, wasikilizaji wapendwa. Mapafu ya panya wote wale yalipita mikononi mwa Mama Majani, na hakuwahi kuyatazama. Yeye alikuwa mtu wa ini. Baada ya msiba alirudi maabara, akaanza upya, safari hii akiyachunguza na mapafu. Yalikuwa yameharibika, ya waliokunywa majani na ya wasiokunywa. Alimpigia simu dada yake akilia. Dada mtu anakumbuka maneno yake: "Kumbe jibu nilikuwa nalitupa mwenyewe, dada."

Wanafunzi wa miaka yake ya mwisho kazini walifundishwa kutazama kila kiungo kabla ya kukitupa. Aliwabana kweli kweli, na leo wanamshukuru.

Lakini majuto yake makubwa hayakuwa ya maabara. Alimwambia binti yake akiwa kitandani, siku chache kabla ya kufariki: "Kabla ya yale majani, baba yako alikuwa ameshaanza kupunguza sigara. Zile kelele zangu zilikuwa zinamwingia. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Kwa binti, kwa dada, kwa wanafunzi wote wa Mama Majani, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Apumzike kwa amani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Mboga za majani ni nzuri, kuleni. Lakini kama nyumbani kwako kuna mtu mnayegombana naye kwa sababu ya sigara, nakuomba, usichoke kugombana naye.