Mama Eustakia na Ajenda Namba Saba

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Eustakia Nduwayo, afisa kilimo mwandamizi wa Kituo cha Ugani Kabuhanga na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kituoni hapo, anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na saba. Aliajiriwa mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, cheti cha kilimo, baiskeli ya kuazima, na sauti ambayo bosi wake wa kwanza alisema iliiokolea serikali gharama ya kununua kipaza sauti.

Ni mtoto wa wakulima wa Mbuba, wilayani Ngara, lakini kazi aliianzia Biharamulo. Huko alijifunza Kisubi kwa akina mama wa vijijini na Kisukuma kwa wafugaji, vyote viwili kwa makosa mengi na bila aibu. Alikuwa akisalimia kwa lugha moja, anafundisha kwa nyingine na kuaga kwa Kihangaza cha kwao, na wakulima walimwelewa. Wenzake waliobaki na Kiswahili cha ofisini walikuwa wakirudi jioni wakilalamika kwamba watu hawaji mikutanoni.

Mwaka 1994 alihamishiwa Ngara, wakati Benaco ilipogeuka kuwa mji wa mahema ya wakimbizi kutoka Rwanda. Kazi yake ilikuwa kugawa mbegu za mboga na kuwaomba watu wasimalize miti ya wenyeji. Waliopokea mbegu zile wanakumbuka jambo moja: Eustakia alikuwa anamuuliza mtu jina lake kwanza, kisha ndipo anampa pakiti. Foleni ilikwenda polepole, na wakubwa walimkemea kwa hilo. Hakuacha.

Baadaye aliwekwa Rusumo kukagua mimea inayovuka mpaka. Madereva wa malori walimwogopa kuliko watu wa forodha. Mmoja alificha machipukizi ya migomba chini ya godoro ndani ya kabini. Eustakia akapanda, akabonyeza godoro kwa kiganja, akauliza, “Dereva, siku hizi unalala na mgomba? Mkeo anajua?” Foleni nzima ilicheka, na machipukizi yakashushwa bila ubishi.

Kabuhanga alifika mwaka 1999 na hakuondoka tena. Hapa ndipo tulipomjua kwa mambo mawili ambayo kwa wageni yalionekana kupingana. La kwanza ni nidhamu. Saa moja na nusu asubuhi yeye ndiye alikuwa anapiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio, na aliyesaini chini ya mstari alijua ataitwa. Hakuna aliyesamehewa kwa sababu ya mvua, kwa kuwa Eustakia mwenyewe alikuwa anafika amelowa. La pili ni kwamba mtumishi huyohuyo aliyekaripiwa asubuhi, akionewa mchana, Eustakia alikuwa wa kwanza kusimama upande wake. Wapo waliosema hawezi kuwa msimamizi mkali na kiongozi wa chama kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 walipata jibu.

Msomaji asiyekaa katika vikao vya ofisi anahitaji maelezo kidogo. Kikao chetu cha kila mwezi kilikuwa na ajenda nane. Sita za mwanzo ni za uongozi: kufungua, muhtasari, yatokanayo, taarifa na kadhalika. Ya nane ni kufunga. Ya saba, Mengineyo, ndiyo ilikuwa yetu. Ndipo mtumishi wa kawaida alipoweza kusimama na kusema yaliyomkaa kooni mwezi mzima.

Machi mwaka huo tulikuwa na wageni wawili kutoka mkoani. Mkuu wa kituo, Bw. Shibuda, mtu mchangamfu aliyependa kituo chake kisifiwe, alikuwa ameshatuma taarifa kwamba ugonjwa wa mnyauko wa migomba umekwisha Mbuba. Alipofika ajenda ya saba akafungua mikono na kusema, “Haya, mengineyo. Nani ana lake? Semeni, msiogope, hawa ni wenzetu.” Thobias Bizimana, bwana shamba wa Mbuba, akasimama.

“Mwenyekiti, mimi ninalo. Tumeambiwa mnyauko umekwisha Mbuba. Mbuba ipi hiyo? Nimetoka huko jana. Mbuba nzima inaoza! Wakulima wananiuliza kama hizi ripoti tunaziandika tumefumba macho.”

Mgeni mmoja aliishusha soda yake mezani taratibu. Bw. Shibuda alifunga kikao bila kusubiri ajenda ya nane. Wiki haikuisha Thobias akasimamishwa kazi na kupewa hati ya mashtaka: kusema uongo, kuidhalilisha ofisi mbele ya wageni, na utovu wa nidhamu wa muda mrefu. Kuthibitisha hilo la mwisho, ziliambatanishwa barua tatu za onyo kwa uchelewaji. Zote tatu zilikuwa na sahihi ya Eustakia Nduwayo.

Thobias alikuwa na mke, Ineza, na mtoto wa miezi minne, na alikuwa hatarini kufukuzwa kazi. Ratiba ya kikao kilichofuata ilitoka ikiwa na ajenda saba tu. Mengineyo haikuwemo. Maongezi ya koridoni yakawa yanakatika mlango ukifunguliwa. Wapo kati yetu walioingia nchi hii mwaka 1972 wakiwa watoto, wameshikwa mikono na wazazi wanaokimbia mauaji ya Burundi. Hao wanajua ukimya wa namna hiyo unavyoanza: watu wazima wanaanza kutazama viatu vyao. Kwa hiyo hatukuliona kuwa jambo dogo la ratiba.

Wenye mapenzi mema walimfuata Eustakia wakamwambia, “Mama, umebakiza miaka miwili ufikie umri wa kustaafu kwa hiari. Nyamaza, uondoke na heshima zako.” Akawajibu, “Hiyo miwili ndiyo niliyobakiwa nayo ya kusema. Ya kunyamaza nitapewa mingi nikistaafu.”

Siku ya kikao alisimama kwenye ajenda ya kwanza, kufungua kwa sala, akaomba kwa adabu kwamba mzee Sostenes, mtunza stoo wetu na katekista wa kigango cha jirani, atuongoze. Bw. Shibuda akakubali, kwani nani anakataa sala? Tukafumba macho.

“Ee Mungu Baba,” akaanza Sostenes, “wewe unayejua yaliyomo mioyoni na yaliyomo stoo. Wewe unaona kwamba mabomba ya kunyunyizia dawa yanavuja tangu Januari. Unaiona pikipiki ya mwenzetu Jean Paul, Bwana, haina breki ya nyuma, anaipanda kwa imani tu. Unakiona choo cha wanawake, kisicho na komeo, dada zetu wanaingia wawili wawili kama wanyama wa safina. Umkumbuke mtumishi wako Thobias, anayelima maharage kwa mama mkwe wakati migomba inamngoja. Na mwenyekiti wetu, Bwana, mwongezee masikio.”

Sala iliendelea. Ilipitia idara zote. Kila ilipoelekea kuisha, Sostenes alikuwa akivuta pumzi na kusema, “Aidha, Bwana…” Bw. Shibuda alikohoa mara mbili, lakini mtu hamkatizi anayeongea na Mungu. Tulipoitikia “Amina” hatimaye, chai ilikuwa imepoa. Mabega ya Bw. Shibuda yakaanza kutikisika, na tukaona anacheka. Akachukua kalamu. “Mama Eustakia,” akasema, “hii kazi ni yako, usinidanganye. Bora Mengineyo. Ile walau naweza kuifunga.” Akaiandika kwenye ratiba kwa mkono wake.

Lakini hati ya mashtaka ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Juni wakaja watu watatu wa kamati ya uchunguzi, wakiongozwa na mama mmoja mpole mwenye miwani. Upande wa ofisi ulimwita Eustakia kuwa shahidi wake wa kwanza. Upande wa mshtakiwa ulikuwa umeshamwandikisha kuwa mwakilishi wake.

“Bi. Eustakia,” akauliza mwenyekiti wa kamati, “wewe hasa ni wa upande gani?”

“Wa pande zote mbili, mwenyekiti. Nianze na upi?”

Alianza na ushahidi. Barua zile ni zake? Ni zake. Yaliyoandikwa ni kweli? Ni kweli. “Huyu ni mchelewaji,” akasema, “na nikimkuta tena chini ya mstari nitamwandikia ya nne.” Thobias alishika kichwa. Nje, Ineza aliyekuwa kwenye benchi chini ya dirisha na mtoto mapajani, akasema kwa sauti iliyofika ndani, “Yesu wangu, huyu ndiye mtetezi?”

Kisha Eustakia akanyanyuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka kando ya Thobias na kuketi. Akamgeukia Bw. Shibuda na kumuuliza swali moja tu: siku ile, alipofika ajenda ya saba, alisema nini? Bw. Shibuda alikuwa mkweli. Akarudia maneno yake yote, pamoja na lile la “msiogope”. Mjumbe mmoja wa kamati akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

“Basi mtumishi alitii agizo la mkuu wake,” akasema Eustakia. “Kuchelewa kwake ni kosa, mwadhibuni. Kusema kwake pale aliposema hakukuwa kosa.”

Mwenyekiti wa kamati hakuridhika upesi. Akauliza, je, kama alilosema halikuwa kweli? Hapo ndipo wengi wetu tulipotarajia Eustakia amsafishe kijana. Hakumsafisha.

“Aliongeza chumvi,” akasema. “Si Mbuba nzima. Nimekwenda mwenyewe, ni vitongoji viwili. Lakini mwenyekiti, mtumishi akikosea kikaoni, tupo watu ishirini wa kumsahihisha, na hasara ni aibu yake tu. Tukimfundisha kunyamaza kikaoni, makosa yetu sote yatakwenda moja kwa moja shambani, na huko anayeyalipia ni mkulima. Mimi nataka watu wangu wakosee hapa.”

Uamuzi ulitoka mwezi uliofuata. Mashtaka ya uongo na ya kuidhalilisha ofisi yalifutwa, Thobias akarudishwa kazini. Kwa uchelewaji alipewa onyo la maandishi, na Eustakia alikubaliana nalo neno kwa neno. Siku aliyoripoti, Thobias alimuuliza mlangoni, “Mama, hivi wewe ulikuwa mtetezi wangu au mwendesha mashtaka?” Akajibiwa, “Marahaba. Kesho saa moja na nusu.” Ndipo Thobias alipokumbuka kwamba hakuwa ameamkia.

Bw. Shibuda naye tumpe haki yake. Alituma timu kwenye vile vitongoji viwili, akaandika taarifa mpya kwa jina lake mwenyewe, na katika msimu ule Eustakia na Thobias walizunguka nyumba kwa nyumba wakifundisha watu kuvunja ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga linalosambaza ugonjwa. Migomba ya vitongoji vile leo inazaa. Bw. Shibuda alihamishwa baadaye, na tulipompigia simu kumjulisha habari za kustaafu huku alituma salamu hizi: “Mwambieni huyo mama alinifunga goli kwa mpira wangu mwenyewe.”

Eustakia alifikisha miaka hamsini na mitano, akapita bila kugeuka. Ilibaki sitini, ambayo haina rufaa. Katika miaka hiyo tawi lilipata komeo la choo, pikipiki ikapata breki, na watumishi wapya wakaambiwa siku ya kwanza saa ya kufika kazini na namba ya ajenda yao.

Aprili mwaka huu sisi wastaafu wa kituo tulialikwa kwenye kikao chake cha mwisho kama katibu. Tulitegemea sifa. Mengineyo ilipofunguliwa akasimama Nice, afisa kilimo mwenye miezi mitatu kazini. “Mwenyekiti, mimi nina la Mama Eustakia. Shikamoo, Mama. Tukienda naye kwa wakulima anaongea yeye peke yake tangu hodi mpaka kwaheri. Mimi tangu nifike hapa nimejifunza kubeba mfuko wa sampuli tu.”

Thobias, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa vikao, alimtazama mlezi wake. Alisubiri, kama inavyopaswa. Eustakia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Marahaba, mwanangu. Ni kweli,” akasema. “Andikeni kwenye muhtasari. Kesho ataongea yeye, mfuko nitabeba mimi.”

Kesho yake walionekana Mbuba: binti mbele, akieleza kwa Kihangaza cha kusitasita, na nyuma yake mwanamke wa karibu miaka sitini na mfuko begani, midomo ameibana. Mara mbili alifungua kinywa. Mara mbili alikifunga. Mkulima mmoja alimuuliza kama anaumwa jino.

Mama Eustakia, umetufundisha kufika mapema na kusema tukishafika. Wenzako wa Kabuhanga, walioko kazini na tuliotangulia kupumzika, tunakushukuru kwa yote mawili. Nenda nyumbani Mbuba salama. Mungu akupe afya, shamba lenye mikungu mizito, na wajukuu wengi wasiokuachia nafasi ya kusema.

Matiasi Ndizeye
Mtunza masjala mstaafu, kwa niaba ya tawi