Jairo Mwamlima, Fisi wa Uwanja wa Mlowo

Ndugu waombolezaji, tunamzika Jairo Mwamlima, aliyezaliwa Hasamba tarehe 9 Mei 1912, kifungua mimba wa mzee Yonasi na mama Teresia. Maneno haya anayasoma mdogo wake, Kefa.

Marehemu alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1926. Mwaka 1933 alikwenda migodini Rodeshia ya Kaskazini, akajifunza huko mieleka ya kuchezwa mbele ya watu. Aliporudi mwaka 1938 akajiita Fisi. Siku za soko la kahawa pale Mlowo aliingia uwanjani kajipaka majivu, akiwanyang'anya akina mama ndizi na kuwatukana wanaume: "Wala viazi nyie, nani ananiweza?" Watu walimzomea hadi sauti zikawakauka. Jioni alizirudisha ndizi zote, akiomba radhi nyumba kwa nyumba. Kuchukiwa ndiyo iliyokuwa kazi yake, na jamani, aliiweza.

Mwaka 1940 alifunga ndoa na Ferista, binti wa mama Anastazia wa Ivuna.

Tarehe 14 Agosti 1948 alipangiwa kupambana na Kefa. Kefa alijua hamwezi, lakini tamaa ya sifa ilimzidi akili. Kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe huinamisha uso na kumpisha njia. Mama Anastazia alikuwa amefika jana yake kutoka Ivuna. Kefa akamdanganya kwamba kwaya ya misheni itaimba uwanjani, akamketisha mbele kabisa. Fisi akaingia, mdomo umejaa matusi. Akamwona mkwewe. Loo! Alinywea, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na Kefa akambwaga hapohapo.

Tangu siku hiyo Fisi hakuwepo tena. Kila alipotokea, watu walipiga kelele, "Mkweo huyo!" wakaangua kicheko. Mbaya anayechekwa hamtishi mtu. Alijaribu misimu miwili, akaacha, akabaki na kahawa yake na ukimya. Aliamini mama Anastazia alikuja makusudi kumwaibisha, na kwa miaka saba hakumpelekea hata salamu.

Kifua kilimwanza Novemba 1955. Wiki ya mwisho alimshika Kefa mkono, akauliza, "Mdogo wangu, yule mama aliletwa na nani?"

Kefa akajibu, "Sijui, kaka."

Alifariki tarehe 3 Machi 1956, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Ferista. Watoto wawili, Boazi na Ruti. Na mama mkwe, Anastazia, aliyekaa kule nyuma kabisa kwa kujiona mkosaji. Mama, huna kosa. Aliyekuleta ni mimi.

Kaka Jairo, Mungu akupumzishe. Ulistahili kuyasikia haya ukiwa hai.